Ujumbe wa Mstari Mmoja

4 Machi

Binamu Chiriku,

Salamu nyingi, na usianze kuniuliza kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii unaijua. Ikilia tu, Mama anabonyeza kipaza sauti, baba yako anasogeza kiti, mke wangu anazima redio, na maongezi ya watu wawili yanageuka mkutano wa hadhara. Barua pepe ya kazini nayo inasomwa na watu wa usalama kabla yangu. Nilicho nacho leo si cha mkutano wala si cha usalama, kwa hiyo turudi kulamba stempu.

Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia, ulimi ndio haujatulia. Mjomba, yaani huyo baba yako, goti limemvimba tena. Nilimpeleka kwa daktari wiki iliyopita, akaandikiwa mkongojo, akaubeba begani njia nzima kama mtu aliyetoka kununua bomba. Anasema mkongojo ni wa wazee. Binti yangu ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki mbele za watu, anaziba mdomo kama bibi harusi.

Sasa jambo lenyewe. Kazi inanishinda, Binamu. Unajua ninachofanya: wenzangu wanaandika programu ya zahanati, ile inayopokea uzito wa mtoto kutoka kwenye mizani na kumwambia muuguzi ampe dawa kiasi gani. Mimi naandika majaribio ya kuibana programu hiyo kabla haijamfikia mgonjwa. Mwaka huu tumehamia kwenye zana yenu ya majaribio, na tangu hapo nimekuwa kichekesho cha ofisi. Nikikosea kitu kidogo mwanzoni, zana inanyamaza, inaendelea na safari, halafu mbele kabisa inapiga kelele kwenye mstari usio na hatia. Na kelele zenyewe! Skrini tatu za mabano na mishale. Juzi nilikaa na kosa moja tangu asubuhi mpaka wafagizi wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Kumbe nilikuwa nimesahau alama moja ya nukuu.

Bosi wetu, tunayemwita Haraka, alisimama nyuma ya kiti changu akaniuliza kama nahitaji miwani. Watu walicheka. Mkataba wangu unatazamwa Juni, na nikiupoteza huu sioni mwingine, kwa umri wangu na kwa hali ilivyo. Wewe ndiye unayeandika hayo maneno ya makosa huko. Nisaidie, au angalau niambie mnatuchukia kwa nini.

Wako,
Mkaguzi (jina ulilonipa mwenyewe siku nilipohesabu vijiko wageni walipoondoka)

*

2 Aprili

Mkaguzi wangu, mlinzi wa vijiko,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisi, nikacheka peke yangu hadi mtu akanipisha. Baba na mkongojo begani! Mwambie nikija nitaukagua kama una alama za kugusa ardhi. Mbusu Shangazi, msalimu wifi, na huyo bibi harusi mwenye pengo mwambie mimi jino lilinitoka nikalimeza na sikufa.

Mimi nipo. Ghorofa ya nane, madirisha yasiyofunguka, meza yangu imepakana na mashine ya kuchapa inayokohoa kutwa. Jumamosi nafua, Jumapili naanua. Kuna siku sauti ya kwanza kutoka kinywani mwangu ni "asante" kwa mwenye duka, jioni. Chiriku wenu amekuwa bubu.

Hatuwachukii. Sikiliza, nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Zana yetu haikuulizi kila kitu ni cha aina gani, kama ni namba au maandishi. Inatazama ulivyokitumia mara ya kwanza, inakisia, na ikishakisia haigeuki. Ni kama Shangazi akishaamua kwamba mgeni ni mwizi. Mgeni akipiga chafya, huyo ni mwizi anayepiga chafya. Zana inatembea na dhana yake hiyo mpaka igongane na ukweli, ndipo inapiga kelele, na inataja mahali ilipogongana, si mahali ilipokisia. Hiyo ndiyo inayokutoa jasho.

Mimi nataka kuongeza sentensi moja tu: "Nilidhani hivi kwa sababu ya mstari ule." Basi. Nimeipigania mwaka mzima. Mwenyewe naiita sababu. Bila sababu, ujumbe wa kosa ni lawama tupu. Nitumie makosa yako yote yaliyokusumbua, yachape, yafunge kwenye bahasha, nami nitayabeba hadi kwenye kamati niwabwagie mezani. Mwambie Haraka toleo jipya linakuja. Mwambie binamu yako ndiye analiandika. Jivune kidogo, nakupa ruhusa.

Chiriku

*

11 Mei

Binamu Chiriku,

Pokea kifurushi. Karani wa posta alikipima mara mbili na kuniuliza kama ni hati za kesi. Ni makosa yangu matupu, kila moja na maelezo yake pembeni: hapa zana ilipolalamika, hapa nilipokosea kweli. Mke wangu alipoona nayapanga mezani alisema tangu nimwoe hajawahi kuona nikiyakubali makosa mengi kiasi hicho kwa siku moja.

Nilijivuna kama ulivyoniruhusu. Nilimwambia Haraka kwamba zana inarekebishwa na anayeirekebisha ni damu yangu. Alinitazama upya. Ameahirisha kutazama mkataba hadi Desemba, anataka kuona kasi yangu nikipata toleo jipya. Binamu, sijalala vizuri hivi tangu mwaka uanze.

Baba yako ameanza kuutumia mkongojo, lakini gizani tu. Akisikia geti anauficha nyuma ya mlango. Mama amemnyang'anya chumvi na wamenuniana.

Ile sentensi yako ya sababu nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya skrini. Wenzangu wanadhani ni maneno ya dini.

Mkaguzi

*

26 Julai

Mkaguzi,

Nisamehe ukimya. Kulikuwa na vikao, na baada ya vikao vikao vingine. Afya yangu nzuri, nimepungua kidogo. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijivu na sasa jengo zima linanuka hospitali mpya. Mwambie Baba nimeota ananifokea nikaamka nimefurahi.

Kifurushi chako kilifanya kazi. Niliwabwagia mezani, wakasoma wote, hata mkuu wetu. Huyo tunamwita Bwana Mstari Mmoja, kwa sababu anaamini mtu hasomi zaidi ya mstari mmoja na akisoma zaidi anakasirika. Alisema mfano wako wa mizani ndio bora kuliko yote aliyowahi kuona. Tulivutana sana. Mwishowe wamekubali, kwa marekebisho madogo. Skrini tatu zimekufa na kuzikwa, Mkaguzi. Utapata toleo jipya mwezi ujao, nami nimeandika kila neno lililomo.

Wamepunguza watu hapa. Meza ya upande wa kushoto iko tupu na ya mbele yangu pia. Hawajasema kama wamemaliza. Basi tuyaache hayo. Wifi mimba inaendeleaje? Shangazi aliropoka kwenye simu, halafu nikasikia mnamnyamazisha.

Chiriku

*

8 Septemba

Binamu!

Limefika, na ninakuandikia nikiwa bado ofisini, wenzangu wameenda kula. Ni muujiza. Mstari mmoja! Nilipokosea kwenye uzito wa mtoto, zana iliniambia hivi na nakunukuu: "Mstari wa 340: kumi hii iandikwe kama maandishi." Nikaiandika kama maandishi. Kelele zikaisha. Nilichokuwa nakihangaikia siku nzima nimekimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Nilijiuliza ile sababu yako iko wapi, maana sikuiona. Nikasema labda inatokea kwa makosa makubwa tu, hili langu lilikuwa dogo. Utanieleza.

Haraka alipita akanipiga bega. Majaribio yote ya programu ya dawa yamepita na inapelekwa zahanati mwisho wa mwezi. Anasema Desemba ni kutia saini tu. Mke wangu hajambo, mtoto anapiga mateke, na Mama ameshampa jina ambalo hatulitaki. Mjomba amenituma nikuambie kwamba goti limepona. Si kweli, ila nimetumwa.

Nakushukuru sana. Sijui nitakulipa nini.

Mkaguzi

*

19 Oktoba

Mkaguzi,

Salamu kwa wote. Hongera kwa mateke. Nimemnunulia mtoto kofia, kubwa mno, lakini kichwa kitakua.

Nimefurahi umefurahi. Ofisi pia imefurahi, watu wanatuandikia kutusifu, Bwana Mstari Mmoja amenivisha kilemba cha ukoka mbele ya wakubwa wote. Mimi nimechoka tu. Nikirudi nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni na sina la kufanya.

Jambo dogo. Ile meseji isikufanye uache kufikiri mwenyewe, sawa? Ikikuelekeza kwenye mstari fulani, rudi nyuma kidogo, tazama kitu hicho kilianzia wapi. Unajua zana ni zana. Kwako najua ni bure kukuambia, wewe uliyehesabu vijiko.

Mwambie Baba nimeamini kuhusu goti.

Chiriku

*

23 Novemba

Binamu,

Mama mzima, Mjomba mzima, mke wangu amejifungua mvulana mwenye sauti ya baba yako akidai chumvi. Wote wazima. Na watoto nitakaowataja hapa chini nao wametoka hospitali wazima. Naanza na hilo ili usome mengine umetulia.

Barua yako ya Oktoba imenifikia juzi. Ingewahi ingenisaidia.

Uzito ulikuwa unatoka kwenye mizani ukiwa maandishi. Kosa lilikuwa hapo, mwanzoni kabisa: ulitakiwa kugeuzwa namba pale pale unapopokelewa. Zana ilikisia kwamba ni maandishi, ikatembea na dhana yake hadi mstari wa 340, ikakuta kumi yangu, zile kilo kumi za mpaka kati ya dawa ya wadogo na ya wakubwa, ni namba, ikaniambia niibadilishe kumi. Nami nikatii. Kompyuta ikilinganisha maandishi inatazama alama ya kwanza kama kwenye kamusi, kwa hiyo 9 inakuja baada ya 10, maana 10 inaanza na 1. Mtoto wa kilo tisa akahesabiwa mkubwa kuliko wa kilo kumi, akapewa dawa ya wakubwa. Programu ilikuwa na kosa hilohilo ndani yake. Jaribio langu lilikuwepo ili liikamate, lakini nilikuwa nimeshalifundisha kukosea vilevile, basi vikakubaliana.

Watoto wawili walilala hawaamki. Nilienda hospitali, nikasimama korido. Mama wa mmoja alidhani mimi ni daktari, akaniuliza mwanawe ataamka lini. Nikaondoka, Binamu.

Nimesimamishwa kazi. Mama na Mjomba hawajui. Kila asubuhi navaa shati, natoka na mkoba, nakaa kwenye maktaba ya mtaa hadi jioni. Jopo la nidhamu linakutana Januari. Wamesema wazi: ofisi yenu ikikiri kwa maandishi kwamba ujumbe wa zana ulinipotosha, watanirudisha, hata kwa cheo cha chini. Isipokiri, kosa ni langu peke yangu, na kwa rekodi hiyo hakuna atakayenipa kazi tena. Nimepeleka lalamiko rasmi kwenye ofisi yenu, na kila kitu nimeambatanisha. Sitafuti fidia. Nataka mtu mmoja huko aandike kwamba ujumbe ule ulitaja mahali pasipo na kosa, na haukusema umejuaje.

Na naomba unijibu hili: sababu ilienda wapi?

Mkaguzi

*

17 Desemba

Mkaguzi wangu,

Hongereni kwa mtoto. Nimelia, usinicheke. Nimeituma ile kofia kwa posta ya haraka, itaitangulia barua hii. Mfungeni vizuri masikio. Mpe pole wifi, mwambie asikubali lile jina la Shangazi hata akisusa kula, mimi niko upande wake. Hapa mashine ya kuchapa hatimaye imekufa. Walipoibeba sakafu ilibaki na alama ya mraba, safi kuliko zulia lote, na kila nikipita naikwepa kama vile bado ipo.

Nimesoma kuhusu wale watoto mara nyingi. Nashukuru wamepona. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, kalamu inagoma.

Lalamiko lako limefika. Limewashtua. Mkuu wetu aliniita, akafunga mlango, akasema watu maelfu wameusifu ujumbe wa mstari mmoja na lalamiko ni moja, na tukikiri moja tutafunguliwa mashtaka kumi. Anataka lifungwe kabla ya mwaka mpya. Nilimwomba turudishe yale maneno tuliyokuwa nayo mwanzo. Akauliza kama najua ni nani waliobaki kwenye orodha ya kupunguzwa. Nikamwambia najua. Tumebaki wawili, na kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa na kazi hii.

Lakini usife moyo. Nimeomba wanipe mimi nilishughulikie lalamiko lako, na wamekubali. Nikimwachia mwingine atalifunga bila hata kulisoma. Likiwa mkononi mwangu unajua liko kwa mtu wako. Nipe siku chache.

Mlinde Baba. Asante kwa kila mara uliyompeleka kwa daktari mimi nikiwa huku. Sijawahi kukushukuru ipasavyo.

Chiriku

*

9 Februari

Mhandisi,

Natumai u mzima. Kofia ilifika. Tumeikunja mara mbili pembeni na inamkaa. Mama ameshinda, mtoto anaitwa lile jina. Goti la Mjomba limekuwa baya, sasa mkongojo anautumia mchana kweupe na haufichi tena, hata geti likilia. Nampeleka kwa daktari kila wiki maana nafasi ninayo. Anakuulizia. Namwambia uko vizuri na kazi zimekubana, na nitaendelea kumpeleka, kwa hiyo hilo lisikusumbue.

Kibarua kimeota nyasi. Jopo lilikaa mwezi uliopita na halikuchukua muda, kwa sababu jibu la ofisi yenu lilikuwa limeshafika nao wakalisoma kwa sauti. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilimwomba anipe karatasi niisome mwenyewe. Lalamiko limefungwa, kosa la mtumiaji. Chini yake palikuwa na majina yako yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti chako cha shule.

Mama nimemwambia jana. Hakufoka. Aliuliza tu kama wewe unajua, kwamba labda ungeweza kunisemea huko. Nikamwambia hujui.

Nimeumia sana. Naliandika wazi ili usibaki kukisia. Najua kuhusu kibali chako, na najua wangekuondoa. Usiku najaribu kujiweka mahali pako, na mara nyingine nafika karibu. Lakini ulikuwa na kifurushi changu chote, pamoja na maelezo yangu ya pembeni. Ungeweza kumwachia mwingine asiyenijua alifunge bila kulisoma.

Lile swali langu hukulijibu, na sasa sina haja ya jibu. Jibu ulilolipa jopo linatosha. Ni mstari mmoja, halina mabano wala mishale, na nimelielewa mara ya kwanza niliposoma.

Mtumiaji